Ngoma za kompyuta: Piga kwa pamoja, hifadhi kila moja peke yake

KATIKA studio nyingi ndogo zinazotegemea kompyuta, safari ya wimbo huanza na ngoma. Mtayarishaji huketi mbele ya kifaa chenye pedi nane au kumi na sita za mpira, huzigonga kwa vidole, na baada ya muda mfupi mdundo huwa umekamilika. Mwimbaji huingiza sauti yake, ala nyingine huongezwa, kisha wimbo hutolewa na kupelekwa redioni.

Matatizo huja baadaye. Huenda ikagundulika kuwa ngoma kubwa ya chini imezama na haisikiki katika spika za kawaida. Huenda mtengeneza filamu akauhitaji wimbo huo, lakini kwa mdundo uliopunguzwa makali ili usifunike maneno ya waigizaji. Au mwimbaji akataka kuurekodi upya akiwa na bendi, na mpiga dramu akataka kusikia kwa usahihi kile kilichopigwa. Hapo ndipo wengi hubaini kuwa ngoma zote zilihifadhiwa katika traki moja, zimechanganyika kama sukari iliyokwisha kukorogwa katika chai. Ukiongeza ngoma kubwa, matoazi nayo yanapanda. Ukipunguza matoazi, kila kitu kinafifia.

Makala haya yanaeleza namna ya kurekodi pedi za ngoma ili kila ngoma iwe na traki yake, na kwa nini ni muhimu kazi hiyo ifanyike kabla wimbo haujatoka studio. Ni jambo la dakika chache likifanywa kwa wakati wake. Likiachwa, gharama yake huwa kutengeneza mdundo upya, na mara nyingi mdundo mpya haufanani na ule wa kwanza ambao watu waliupenda.

Ili kulielewa suala hili, yapasa kwanza kujua kinachotokea kidole kinapogusa pedi. Watu wengi hudhani kuwa pedi hutoa sauti. Sivyo. Pedi ya aina hii haina sauti yoyote ndani yake. Inachopeleka kwenye kompyuta ni ujumbe mfupi wenye mambo makuu matatu: namba ya noti iliyoguswa, nguvu ya pigo, na chaneli ambayo ujumbe huo unapitia. Noti huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127. Nguvu ya pigo nayo hupimwa kwa kiwango kinachofika 127, ambacho ni pigo kali kuliko yote. Chaneli ziko 16.

Lugha hiyo ya ujumbe ndiyo iitwayo MIDI. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Januari 1983 nchini Marekani, katika maonyesho ya ala za muziki, pale kinanda cha kampuni ya Sequential Circuits kilipounganishwa kwa waya na kinanda cha kampuni ya Roland ya Japani, na kimoja kikaweza kukipiga kingine. Waasisi wake wawili, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013 kwa kazi hiyo. Ingawa waya za awali zenye pini tano zimepisha USB katika vifaa vingi, lugha yenyewe ya mwaka 1983 bado ndiyo inayotumika katika pedi nyingi zinazouzwa madukani.

Udogo wa ujumbe huo unashangaza. Dakika moja ya sauti ya stirio yenye ubora wa CD huchukua zaidi ya megabaiti 10 za nafasi katika kompyuta. Ujumbe mmoja wa kugonga pedi huchukua baiti 3 tu, na wa kuiachia baiti 3 nyingine. Mapigo 1,000 kwa hiyo ni baiti 6,000 hivi, ukiacha taarifa za muda. Hii ina maana kwamba kuhifadhi mapigo ya kila ngoma peke yake hakumgharimu mtu nafasi yoyote ya maana. Kisingizio cha kompyuta kujaa hakina mashiko hapa.

Ujumbe ukishafika, programu ya muziki huupeleka kwa ala ya ndani ya kompyuta, ambayo huangalia namba ya noti na kucheza sauti iliyopangiwa namba hiyo. Upo utaratibu wa kimataifa uliokubaliwa mwaka 1991, unaoelekeza noti ipi iwe ngoma ipi. Katika utaratibu huo, noti ya 36 ni kiki, yaani ile ngoma kubwa ambayo mpiga dramu huipiga kwa mguu. Noti ya 38 ni snea, ngoma ya kati yenye mlio mkavu. Noti ya 42 ni haihati iliyofungwa, yaani matoazi mawili yaliyobanwa, na ya 46 ni haihati iliyoachiwa wazi. Noti ya 39 ni makofi na ya 49 ni toazi kubwa la kuvumisha. Ngoma hizo zote zimetengewa chaneli moja tu, ya 10.

Hapo ndipo mchanganyiko unapoanzia. Kwa kuwa ngoma zote hupita katika chaneli moja, programu nyingi zikiachwa kama zilivyo hurekodi mapigo yote katika traki moja, na ala ya ngoma hutoa sauti zote kupitia mlango mmoja. Anayeanza kazi hii huona mstari mmoja kwenye skrini na kudhani kuwa ngoma ni kitu kimoja.

Jambo la pili la kuzingatia ni kuwa neno traki hubeba maana mbili katika programu hizi. Ipo traki ya ujumbe, inayohifadhi mapigo, na ipo traki ya sauti, inayohifadhi mlio wenyewe. Kutenganisha ujumbe si sawa na kutenganisha sauti. Mtu anaweza kuwa na traki nne za ujumbe, kiki, snea, haihati na makofi, lakini zote zikaingia katika ala moja yenye mlango mmoja, na mlio ukatoka umechanganyika vilevile. Vilevile anaweza kuwa na traki moja tu ya ujumbe, lakini ala yake ikatoa kila ngoma kwa mlango wake. Wanaokwama mara nyingi hukwama kwa sababu hawajajiuliza ni kipi kati ya hivi viwili wanachotaka kukitenganisha.

Wazo la kila ngoma kuwa na mlango wake si geni. Mashine ya ngoma ya LM-1 iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn na kutolewa mwaka 1980, ambayo ilitumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali, ilikuwa na matundu ya kutolea kila ngoma peke yake. Fundi wa studio aliweza kuipeleka kiki katika traki moja ya utepe na snea katika nyingine. Linn huyohuyo alishirikiana na kampuni ya Akai kutengeneza MPC60 ya mwaka 1988, yenye pedi 16 zilizopangwa nne kwa nne. Mpangilio huo ndio ambao pedi nyingi za leo zinauiga.

Zipo njia tatu za kufikia lengo letu.

Njia ya kwanza ni kurekodi ngoma moja moja. Unarekodi kiki peke yake mwanzo hadi mwisho, unafungua traki nyingine, unarekodi snea juu yake, kisha haihati. Ni njia rahisi kueleweka na inamfaa anayejifunza. Kasoro yake ni kwamba inaua mazungumzo ya mikono. Mtu anapopiga kiki na haihati kwa wakati mmoja, mkono mmoja husikiliza mwingine. Haihati ikichelewa kidogo, kiki huisubiri. Uhai wa mdundo umo katika kuvutana huko, na ngoma zilizorekodiwa kila moja na siku yake mara nyingi huwa sahihi lakini baridi.

Njia ya pili ni kuzitenganisha mlangoni. Unaandaa traki nne, zote zikiwa tayari kurekodi kwa wakati mmoja, na kila moja unaiwekea kichujio kinachoruhusu noti moja tu kupita. Au, kama kifaa chako kinaruhusu, unapangia kila pedi chaneli yake: kiki chaneli ya 1, snea ya 2, haihati ya 3, na kadhalika, kisha kila traki inaambiwa isikilize chaneli moja tu. Ukipiga, kila pigo linakwenda nyumbani kwake. Njia hii hufaa sana pale watu wawili wanapopiga pedi tofauti kwa pamoja. Kasoro yake ni maandalizi. Kichujio kimoja kikikosewa, mapigo ya ngoma hiyo hayarekodiwi kabisa, na mpigaji hugundua baada ya kumaliza pigo zuri ambalo halirudiki.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi, ni kupiga ngoma zote kwa pamoja katika traki moja ya ujumbe, kisha kuzitenganisha baada ya kurekodi. Kwa kuwa kila ngoma ina namba yake, kompyuta inaweza kuzichambua bila kukosea hata pigo moja. Katika Cubase, amri iitwayo Dissolve Part huigawa traki kwa kufuata noti. Katika Logic, kazi hiyo hufanywa na amri ya Separate by Note Pitch. Katika Ableton Live, mwenye kutumia kasha la ngoma liitwalo Drum Rack anaweza kuchagua ngoma moja na kutumia amri ya Extract Chains, nayo ikahamia katika traki mpya pamoja na mapigo yake.

Wanaotumia FL Studio, programu ya Ubelgiji iliyoanza kwa jina la FruityLoops na kubadilishwa jina mwaka 2003, ambayo imeenea sana miongoni mwa watayarishaji wa muziki wa kizazi kipya nchini, wana njia iliyo nyepesi. Ala yake ya pedi, FPC, humruhusu mtu kupangia kila pedi traki yake katika mikisa. Ujumbe unabaki pamoja, lakini kiki inatokea traki ya 1 ya mikisa, snea ya 2, haihati ya 3. Wakati wa kutoa wimbo, unachagua kuwa kila traki ya mikisa itolewe kama faili lake. Kompyuta inazitoa zote kwa mpigo mmoja.

Kabla ya kuanza kutenganisha, hata hivyo, toa nakala ya traki ya kwanza na kuiweka kando ikiwa imezimwa. Usiifute. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mkono wako ulivyopiga siku hiyo, na ndiyo utakayoirudia kama utenganishaji utakwenda vibaya.

Zipo pia hadhari ambazo hujulikana zaidi kwa wazoefu. Ya kwanza inahusu haihati. Katika dramu halisi, mpigaji akiyabana matoazi, mvumo wa matoazi yaliyokuwa wazi hukatika papo hapo. Ala za kompyuta huigiza tabia hiyo kwa kuziweka noti ya 42 na ya 46 katika kundi moja, ili moja ikilia nyingine izimwe. Ukizipeleka katika ala mbili tofauti, hazijuani tena. Haihati iliyo wazi itaendelea kuvuma juu ya iliyofungwa, na mdundo utajaa ukungu ambao chanzo chake huwasumbua wengi. Kwa hiyo, tenganisha kila kitu, lakini haihati zote ziache nyumba moja.

Ya pili ni ucheleweshaji. Kompyuta huhitaji muda kidogo kati ya kupokea ujumbe na kutoa sauti, na muda huo hutegemea ukubwa wa akiba ya sauti uliochaguliwa katika mipangilio. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, akiba ya sampuli 256 ni takribani milisekunde 6, ambayo vidole vingi haviitambui. Akiba ya 1,024 ni milisekunde 23. Katika wimbo wa taratibu huenda hilo likavumilika. Lakini katika singeli, ambayo huzidi mapigo 200 kwa dakika, robo ya pigo moja ni milisekunde 75 tu. Ucheleweshaji wa 23 ni karibu theluthi ya muda huo. Mpigaji husikia sauti ikiwa nyuma ya kidole, mkono huanza kukimbia ili kuifidia, na mapigo yanarekodiwa yakiwa mbele ya mahali pake. Punguza akiba wakati wa kurekodi, iongeze wakati wa kuchanganya sauti.

Ya tatu ni kunyoosha mapigo. Programu zote hizi zinaweza kuyasogeza mapigo hadi yaangukie sawasawa na hesabu. Ngoma zikiwa traki moja, wengi hunyoosha zote kwa kiwango kimoja, na matokeo yake huwa kama saa ya ukutani. Zikiwa zimetenganishwa, unaweza kuinyoosha kiki yote kwa kuwa ndiyo nguzo, ukainyoosha snea kwa nusu, na kuiacha haihati ilivyopigwa. Faida hii pekee inatosha kumshawishi mtu kutenganisha.

Ya nne ni vifaa vya kurekebisha sauti vilivyowekwa mwishoni mwa njia, kama vile kompresa na mwangwi. Kompresa iliyokaa juu ya ngoma zote huitikia ngoma zote kwa pamoja: kiki ikipigwa, haihati nayo hubanwa. Ukitoa kila ngoma peke yake kupitia kompresa hiyo, kila moja hubanwa kivyake, na ukiziunganisha tena hupati mlio uleule. Kwa hiyo ni vyema kutoa mafaili ya ngoma yasiyopitia vifaa hivyo vya mwisho, pamoja na faili moja la mchanganyiko wa ngoma zote kama ulivyosikika, ili atakayefanya kazi baadaye ajue alipaswa kufika wapi.

Mafaili yenyewe yana adabu zake. Yote yaanze mahali pamoja, yaani mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama toazi linalia mara moja tu dakika ya tatu. Ukimya unaotangulia si upotevu, bali ndio unaoyaweka mafaili sawa yanapofunguliwa katika programu nyingine. Yawe ya WAV, biti 24, na idadi moja ya sampuli kwa sekunde. Majina yaeleweke: jina la wimbo, jina la ngoma, na kasi ya mapigo kwa dakika. Faili lenye jina kama "mpya mwisho 2" halimsaidii mtu yeyote baada ya mwaka mmoja.

Weka pia faili la MIDI lenyewe, lakini usilitegemee peke yake. Kumbuka kuwa MIDI ni maagizo, si mlio. Ukilipeleka katika studio isiyo na sampuli ulizotumia, mapigo yatakuwa yaleyale lakini ngoma zitakuwa nyingine. Ujumbe na sauti ni shahidi wawili, na kila mmoja hujua jambo ambalo mwenzake halijui.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike, ilhali siku hizi zipo programu za akili bandia zinazoweza kutenganisha wimbo uliokwisha kuchanganywa. Ni kweli zipo. Kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu ya Spleeter mwaka 2019, na nyingine zimefuata zikiwa na uwezo zaidi. Zinasaidia sana kuokoa nyimbo za zamani ambazo traki zake hazikuwahi kuwapo. Lakini Spleeter hutoa ngoma zote kama fungu moja, na programu zinazojaribu kulivunja fungu hilo kuwa kiki, snea na matoazi hukisia kile ambacho kingeweza kuhifadhiwa bila kukisia. Matoazi hubaki na mikwaruzo, na mkia wa snea hubaki umeng'ang'ania katika traki ya jirani. Hiyo ni dawa ya aliyekosa, si mpango wa mwenye nafasi ya kuchagua.

Suala hili haliishii kwa mafundi. Mwimbaji anayelipia muda wa studio mara nyingi huondoka na faili moja la wimbo uliokamilika, na kuamini kuwa amekabidhiwa kazi yake yote. Mafaili ya traki hubaki katika kompyuta ya studio, na kompyuta huharibika, huibwa au huuzwa. Siku wimbo unapopata nafasi ya kuingia katika filamu, kuimbwa upya au kusafishwa sauti, huwa hakuna cha kufanyia kazi. Ni vyema pande zote mbili zikakubaliana kabla ya kuanza kurekodi kama traki zilizotenganishwa ni sehemu ya malipo, zitakabidhiwa lini, na nani ataruhusiwa kuzitumia.

Kwa mtayarishaji, utaratibu wa kufuata ni mfupi. Piga ngoma zote kwa pamoja. Weka nakala ya pigo la asili. Tenganisha kwa noti, ukiacha haihati pamoja. Toa kila ngoma kama faili la sauti kuanzia mwanzo wa wimbo, na faili moja la ngoma zote. Kisha fungua mradi mpya mtupu, yaingize mafaili hayo na kuyasikiliza kwa pamoja. Yakilia kama mdundo ulioupiga, yanakili katika diski mbili, moja ikae nje ya studio. Kama kuna ngoma iliyokosekana, sasa ndiyo nafasi ya kuirudisha, kabla mradi wa awali haujafungwa na mwimbaji hajaondoka.